Alama Zilizokatwa

Kache Ngowa alikuwa akifika nyumbani kwa Bi Mishi baada ya sala ya alasiri, miguu imemvimba ndani ya viatu. Tangu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya watoto wa shule moja ya binafsi upande wa Ganda, akipandisha sauti ili wa nyuma nao wamsikie, na kufikia saa ile sauti yenyewe ilikuwa imekwisha. Mbele ya mlango wa Bi Mishi, huko Shela mjini Malindi, alisimama kidogo, akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio, ndipo akabisha hodi. Hakutaka mwanafunzi wake amwone amechoka. Mwanafunzi naye alikuwa na uchovu wake.

Aliitwa Sahla. Alikuwa kidato cha nne, msichana mwembamba mwenye macho ya umanjano na ulimi mwepesi. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao humshika mtu kwa maumivu ya mifupa bila kutoa taarifa, na kila ulipomshika alilala hata wiki nzima. Shule yake ya kutwa ilimvumilia miaka mitatu, akija leo na kukosa kesho, kisha mwalimu mkuu akakubaliana na mama yake kwamba asomee nyumbani na kwenda shuleni kufanya mitihani tu. Baba yake, Zaid, alikuwa dereva Muscat, na kila alipopiga simu jibu lake lilikuwa moja: "Mambo ya hapo nyumbani anajua mama yako." Ndipo Bi Mishi akaulizauliza kwa watu, akaelekezwa kwa Kache, aliyesomea ualimu wa Kemia na Biolojia.

"Na Hisabati?" Bi Mishi alimwuliza siku ya kwanza.

"Hisabati naweza."

"Kiingereza?"

"Hicho pia."

"Jiografia? Biashara?"

Kache alicheka. "Hayo, Bi Mishi, nitayasoma mwenyewe kwanza, kisha nije nimfundishe."

Na ndivyo alivyofanya. Mumewe, Jefwa, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Kikambala na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo jioni za Kache zilikuwa za vitabu. Alisoma habari za mito na mabonde ambazo hakuzigusa tangu shule, akasoma namna bidhaa zinavyomfikia mnunuzi, akafika kwa Sahla na yote hayo kichwani yakiwa bado moto. Kwa somo la Dini ya Kiislamu hakuwa na la kufundisha. Yeye alikuwa Mkristo wa Vitengeni. Alishika kitabu akauliza maswali, Sahla akajibu huku akipepea uso kwa daftari, na mara nyingine Kache akasahau kama anasikiliza jibu au anajifunza.

Kwenye Kiswahili ndiko walikogombana.

"Mwalimu, hebu niambie," Sahla alisema. "Mimi nikitaka kumwambia mama chai imemwagika, nianze kwanza kufikiri chai i katika ngeli gani?"

"Ukitaka alama mbili, ndiyo."

"Nami nikingoja mpaka nikumbuke, si chai imeshafika kwenye zulia?"

"Andika, Sahla."

Aliandika, akicheka peke yake.

Kwa Kemia ya vitendo hawakuwa na maabara. Kache alileta chupa ya siki, Bi Mishi akatoa magadi ya kupikia maharage na kijiko cha bizari ya manjano, na Sahla akatoa bomba la sindano, maana vitu vya hospitali havikukosekana katika nyumba ile. Wakakoroga magadi kwenye maji, wakatia bizari, maji yakawa mekundu ya tofali. Kisha Sahla akadondosha siki kwa lile bomba, tone baada ya tone, amebana midomo, mpaka ghafla wekundu ukaondoka na maji yakarudi manjano.

"Tone lile!" alisema, kana kwamba amemkamata mwizi.

"Lile lile. Rudia, usome kipimo, urudie tena. Vipimo vitatu vikikaribiana umepata."

Alirudia mpaka mkono ukamtetemeka. Kache alimwambia basi, naye akasema bado kimoja. Bi Mishi alipita akaona bizari imekwisha na meza imejaa madoa. Alimtazama binti yake usoni, si mezani.

Jioni ile, Kache alipokuwa akivaa viatu, Bi Mishi alimfuata hadi nje na kurudisha mlango nyuma yake.

"Mwalimu, nina neno nawe. Umeuona mkono wake?"

"Nimeuona."

"Huyu mtoto haufikii huo mtihani akienda hivi. Nimemwambia auahirishe, afanye mwakani akiwa na nguvu. Hataki hata nimalize kusema. Wewe anakusikia."

"Nimwambie nini, Bi Mishi?"

"Usimwambie kitu. Msahihishie tu. Mpe alama za chini, mara moja, mara mbili, aone mwenyewe hajawa tayari. Ataacha kwa hiari yake, asinichukie mimi."

Kache alidhani hakusikia vizuri, kisha akajua amesikia. "Siwezi. Akipata nimwambie amekosa?"

"Mimi nilishamzika mmoja," Bi Mishi alisema. Sauti yake ilishuka. "Dada yake, Sumeiya, alikuwa na ugonjwa huu huu. Alikuwa kidato cha nne vilevile. Akisoma mpaka kitabu kinamwangukia usoni. Siombi jambo la ajabu, mwalimu. Naomba mtoto wangu alale."

Kache alisema pole, akasema hapana, akaenda zake. Njia nzima alitembea na sauti ya yule mama.

Mwezi wa nane ulikuja na manyunyu na ubaridi wa asubuhi, na baridi ilikuwa adui wa Sahla. Siku moja walikuwa kwenye somo la ramani, Sahla akihesabu mistari ya mlima, kalamu ikamtoka mkononi. Hakulia. Alikunja magoti, akatia pembe ya leso kinywani na kuiuma. Kache alimwita Bi Mishi, wakamfunika, wakamwinua, wakampakia kwenye tuktuk. Njiani Sahla alishika kifundo cha mkono wa Kache na kila gurudumu lilipoingia shimoni alikaza zaidi. Macho yake yalikuwa wazi kabisa na hayakuwa yakiangalia kitu. Kache alikuwa amefundisha ugonjwa huo katika Biolojia kwa miaka, akichora ubaoni chembe za damu zilizopinda, akitaja sababu zake na jinsi unavyorithiwa. Hakuwahi kuuona ukifanya kazi. Alipofika kwake jioni, alama za kucha zilikuwa bado mkononi.

Sahla alipotoka hospitalini alitaka kitu kimoja: karatasi ya Hisabati, nzima, kwa saa zake kamili. Aliifanya akiwa ameegemea mito. Kache aliibeba hadi kwake, huko huko Ganda, akaketi kitandani na kalamu nyekundu. Jibu la kwanza lilikuwa sawa. La pili pia. Alifanya kazi nzuri mtoto yule, nzuri kuliko kabla hajaugua. Kache alitazama kile kifundo cha mkono wake. Kisha akakata alama mahali ambapo hapakuwa na kosa, akakata tena ukurasa uliofuata, akajumlisha na kuandika juu tarakimu ndogo, akaizungushia duara.

Baadaye alijaribu kujiambia kwamba ulikuwa uchovu. Haukuwa uchovu. Alijua anachofanya.

Sahla alipoiona ile tarakimu aliigeuza karatasi kifudifudi, akasema, "Tuendelee na Biolojia." Hakufanya mzaha siku hiyo. Wiki iliyofuata Kache alimletea ya Kemia, imekatwa vilevile, na Sahla hakuuliza hata alipokosea. Siku mbili alimkuta amelala ameukabili ukuta, vitabu vimepangwa vizuri juu ya kabati kama vitu vya mtu aliyesafiri. Bi Mishi alianza kumfungia Kache mahamri kwenye kitambaa kila anapoondoka. Hawakulizungumza jambo lenyewe. Kache aliyala njiani, akayaona hayana ladha, akayamaliza.

Kisha ikaja siku aliyomkuta Sahla ameketi, zile karatasi mbili ziko mapajani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo uko vizuri?"

"Niko vizuri. Usikae kwenye kiti. Kaa huku kwenye godoro, uegemee."

"Kuna nini?"

"Kaa kwanza."

Kache aliketi. Mgongo wake uligusa mto, naye akahisi mwili mzima unataka kubaki pale.

"Nimezipitia," Sahla alisema kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba. "Hapa nimepata jibu lile lile lililo nyuma ya kitabu, ukanikata. Hapa njia ni ile uliyonifundisha wewe mwenyewe, hatua kwa hatua, ukanikata. Na huku kwenye Kemia umejumlisha ukaruka ukurasa mzima. Mara ya kwanza nililia, sikufichi. Kisha nikafikiri. Nikasema, mwalimu anasimama kutwa huko shuleni kwao, anakuja hapa kwa miguu yake ile, akirudi anasoma Jiografia kwa ajili yangu. Macho yanamdanganya sasa. Amechoka." Alimsogezea mto mwingine. "Leo tusisome. Lala kidogo. Mama akiuliza nitasema tunasoma kimyakimya."

Kache aliutazama ule mto. Ilikuwa rahisi mno kuitikia. Angesema, ndiyo, mwanangu, nimechoka, nisamehe, na maneno hayo yangekuwa kweli neno kwa neno. Angesahihisha upya, angempa alama zake, na mambo yangekwisha. Alifumba macho, na kwa kitambo kidogo alitamani kufanya hivyo kuliko alivyotamani kitu chochote mwaka ule.

"Sahla," alisema. "Sikukosea. Nilikukata makusudi."

Msichana alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Alipomwona Kache hacheki, naye akaacha.

"Kwa nini?"

"Ili uone hujawa tayari. Uache, upumzike, ufanye mwakani."

"Nani alisema—" Hakumaliza. Alijua. Aligeuka kuelekea mlangoni na kuita, kwa sauti ambayo Kache hakujua iko ndani ya kifua kile chembamba: "Mama!"

Bi Mishi alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, akidhani maumivu yamerudi. Aliona karatasi, akamwona Kache, akasimama.

"Mwalimu ameniambia," Sahla alisema.

"Amekwambia nini?"

"Kwamba nimepata. Kwamba nyinyi wawili mmenificha."

Bi Mishi alimwangalia Kache. "Nilikwambia jambo la moyoni mwangu," alisema. "Nilikuamini."

"Uliniamini, nami nilikukatalia, kisha nikalifanya," Kache alisema. "Kosa si lako peke yako. Lakini siwezi kuja hapa kila siku kumfundisha, nikirudi kwangu namvunja. Mimi sina nguvu za kufanya yote mawili."

"Huoni anakufa?"

"Mama!"

"Naam, nimesema! Mwenzio alikuwa hivihivi. Vitabu, vitabu, hali chakula, halali—"

"Da Sumeiya ulimwambia apumzike," Sahla alisema. Sasa alikuwa akilia, lakini maneno yalitoka sawasawa. "Ulimwambia atafanya mwakani. Alipumzika, mama. Alifunga vitabu akapumzika kama ulivyotaka, na huo mwakani wenyewe haukumkuta. Mimi nililala naye chumba hiki. Unajua alikuwa akiniambia nini? Alisema, 'Wenzangu wote wamefanya, hata wale wajinga, mimi nimekaa hapa nakunywa uji.'"

Bi Mishi aliketi chini, pale pale sakafuni, mikono yake yenye unga akiiweka mbali na nguo.

"Hakufa kwa kukosa mtihani," alisema.

"Najua. Wala hakufa kwa kusoma."

Nje mtu alipita akiuza mbaazi, akaita mara mbili, akaenda. Kache alijiona hana haki ya kuwapo katika chumba kile, lakini kuinuka kungewafanya wamtazame. Alikaa.

"Na zile alama nzuri?" Sahla alimwuliza ghafla. "Zile za mwezi wa sita, ulizosema nimepanda. Zile nazo kuna mtu aliziomba?"

"Zile zilikuwa zako."

"Nitajuaje?"



Kesho yake Kache hakujua kama aende. Hakuna aliyemwambia njoo wala usije. Alikwenda kwa sababu saa ilifika na miguu ilishazoea. Bi Mishi alimfungulia, akaitikia salamu, akampisha. Mahamri hayakuonekana tena. Chumbani, Sahla alikuwa ameketi wima na amepanga utaratibu mpya: atafanya karatasi, atasahihisha mwenyewe kwa majibu yaliyotoka kwa mwalimu wake wa shuleni, na Kache ataangalia tu alipokosa. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyehamisha kiti kwa sababu pale pa kwanza panavuja.

Waliendelea hivyo. Kache alifundisha vizuri kuliko kabla, kwa sababu sasa kila alilosema lilipimwa. Akisema neno, Sahla hulitafuta kitabuni. Mara moja alimkuta Kache amekosea kweli, katika swali la Biashara, akamwonyesha kwa kidole, na Kache akasema asante. Mzaha ulirudi polepole, lakini wa chini chini, na hakumwambia tena aegemee. Kache aliyatamani yale maneno ya mtoto, akashangaa kuyatamani. Nyumbani alilala na nguo za kazini. Jefwa alipokuja mwisho wa mwezi alimkuta amelala mezani, shavu juu ya kitabu cha Jiografia, akamvua viatu.

Mtihani ulipoanza, Bi Mishi alimpeleka binti yake mwenyewe. Hakukubali kwa maneno. Alitoa sare, akaipiga pasi, akajaza chupa ya maji ya uvuguvugu na kuketi nje ya lango la shule chini ya jua, na askari alipomwambia si ruhusa kukaa pale alisogea hatua chache, akaketi tena. Wiki ya kwanza ilipita. Kemia ya vitendo ilipita. Sahla alitoka chumba cha maabara na kumwambia Kache kwa simu, "Vimekaribiana vyote vitatu," na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane sauti yake ilikuwa na kicheko kamili.

Katikati ya wiki ya pili maumivu yalikuja alfajiri. Walimkimbiza hospitali. Mwalimu mkuu alipiga simu zake, na kabla ya saa tatu msimamizi mmoja alifika wodini na bahasha iliyofungwa, nyuma yake askari, wakamsogezea Sahla meza ya chakula, wakavuta pazia. Aliandika kwa mkono wa kulia, mpira wa maji umeingia kwenye wa kushoto. Ilikuwa karatasi ya Hisabati, na nusu ya kwanza aliifanya chini ya dawa nzito. Nusu ya pili, msimamizi alisema baadaye, kalamu ilikuwa ikisimama, inalala, inaamka.

Kache aliomba ruhusa shuleni kwake akaja. Hakuruhusiwa kuingia. Alimkuta Bi Mishi kwenye benchi la nje, buibui lake limechafuka vumbi, akaketi pembeni yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi pamoja.

"Kesho ni karatasi gani?" Bi Mishi aliuliza.

"Biashara."

"Hiyo anaiweza?"

"Anaiweza akiwa na nguvu."

Bi Mishi aliitikia kwa kichwa. Muuguzi alipita na toroli, magurudumu yakilia. "Ulipomwambia siku ile," Bi Mishi alisema, "nilikuombea mabaya. Nakwambia kweli. Nilipokuwa nikisali nilikutaja."

"Nilikuwa nastahili."

"Hukustahili. Wala mimi sikustahili." Alikung'uta vumbi kwenye buibui. "Nimechoka, mwalimu. Tangu yule wa kwanza azaliwe, mimi sijalala usingizi wa mtu mzima. Nikisikia mtoto anakohoa hata wa jirani, nimeshasimama."

Baada ya muda kichwa cha Bi Mishi kiliinama, kikainuka, kikainama tena, na mwishowe kikatua begani pa Kache. Alilala mdomo wazi. Bega la Kache lilianza kufa ganzi, kisha shingo, lakini hakusogea. Alikaa vile mpaka pazia lilipofunguliwa na msimamizi kutoka na bahasha yake.

Karatasi zilizobaki Sahla alizifanya kitandani pale pale. Ya mwisho alipoimaliza alisukuma meza kwa mguu na kulala siku nzima. Bi Mishi hakumwamsha hata kwa chakula.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza. Kache alikuwa uwanjani na watoto wa Ganda simu ilipolia.

"Mwalimu, C," Sahla alisema.

Kache alikuwa ametumaini zaidi. Alikuwa amehesabu kichwani mara nyingi, akampa zaidi. Gredi ile haikutosha kumfikisha chuo kikuu, ilikosa kidogo sana. "Hongera," alisema, na sauti yake ikamsaliti.

"Usinipe hongera ya msiba. Hisabati ndiyo iliyoniangusha, najua, ile ya dawa. Biolojia nina B. Kemia nina B ya kutoa, ile ya chini kidogo. Kiswahili, usicheke, nina C. Mimi, Mswahili wa Shela!"

Kache alicheka, na alipoanza alishindwa kuacha, watoto wakamkodolea macho.

"Na mama anasemaje?"

"Mama?" Sahla alishusha sauti. "Mama anasema nimekaribia sana, nirudie mwakani. Amekuwa mkali kweli. Ameshasema atakutafuta."

"Nawe?"

"Sirudii. Nimeuliza chuo kimoja kule Kilifi, wananichukua kwa uhasibu. Nitakaa kwa shangazi."

"Si uuguzi? Na hiyo B yako?"

"Mwalimu, hospitali nimezikalia za kutosha. Nataka kazi ya kukaa kwenye meza, feni juu yangu, hakuna anayenichoma sindano." Nyuma ya sauti yake Kache alisikia sahani zikigongana na sauti ya Bi Mishi ikimwita. "Nikikwama kwenye hesabu nitakupigia."

"Nipigie."

"Ila nitaangalia majibu kwanza."

"Angalia," Kache alisema.

Alasiri hiyo, kwa mazoea, miguu ilitaka kushika njia ya mjini. Aliirudisha nyumbani. Jefwa alikuwapo, amepewa mapumziko baada ya wageni wa sikukuu kuondoka, na alikuwa nyuma ya nyumba akikaanga samaki kwa fujo za mpishi aliyezoea jiko kubwa. Kache alimpa habari yote amesimama mlangoni, gredi, chuo, Kilifi, Bi Mishi anayetaka mwaka mwingine.

"Utakubali akikuita?" Jefwa aliuliza.

"Mtoto mwenyewe hataki."

"Nakuuliza wewe."

Kache alifikiri. Kulikuwa na mzazi mwingine mjini aliyekwisha kumpigia, ana mvulana wa kidato cha pili ambaye Kiingereza kinamshinda na Fizikia pia. Hakuwa amemjibu. Aliingia ndani, akaketi kitandani kufungua viatu, akafungua kimoja.

Jefwa alipokuja na sahani alimkuta amejilaza upande, mguu mmoja una kiatu bado, amelala. Aliiweka sahani chini, akaifunika, akarudi kuzima jiko.